Jangwa la Thar na mjomba: kulala kwenye majumba ya wafalme Rajasthan

Hii safari haikupangwa kabisa. Tulikuwa Delhi kwa ajili ya mgongo wa mjomba, dokta kamwangalia kamwambia majibu ya vipimo vya mwisho yatatoka baada ya tarehe 15, na Delhi ya mwezi wa kwanza sio mji wa kukaa kusubiri kitu, ukungu na moshi vimechanganyika mpaka jua unalisikia tu kwa watu. Nikamwambia mjomba twende Rajasthan, kuna jangwa, jua lipo, na wale wafalme wa zamani majumba yao mengi wameyageuza hoteli unalala humohumo. Akanitazama. Mjomba ni mtu wa Unguja, Mapinduzi yamemkuta ana miaka saba, akasema "Mie mwanangu nimekuzwa nikiambiwa wafalme tumewafukuza, leo niende nikawalipe nilale kwao?" Nikamwambia mjomba ni godoro tu. Akasema haya, godoro.

Gari tulikodi pamoja na dereva, kule ndo watu wengi wanavyofanya, unalipa kwa siku, mafuta yamo, na malazi yake dereva anajua mwenyewe. Wetu alikuwa kijana wa Jodhpur, Kiingereza chake na cha mjomba vinalingana so wakaelewana kuliko alivyoelewana na mimi.

5 Januari, Delhi mpaka Mandawa

Kilomita kama 250 tu lakini tumetumia karibu siku nzima sababu ya ukungu, malori yamewasha taa saa nne asubuhi, dereva kichwa nje ya dirisha. Mchana ndo jua likatoka na hapo ukaanza kuona nchi inabadilika, mchanga pembeni ya barabara, miti mifupi ya miiba, wanawake wamevaa nyekundu na njano kali kwenye mashamba ya haradali.

Mandawa iko kwenye eneo wanaloita Shekhawati. Zamani misafara ya ngamia ilipita hapa, wafanyabiashara wakatajirika, hawa Marwari, halafu biashara ikahamia bandarini wakati wa Waingereza nao wakahamia Calcutta na Bombay, ila hela wakawa wanarudisha nyumbani kujenga majumba na kuyachora nje na ndani kila sentimita. Ukutani kuna tembo, kuna miungu, kuna treni, kuna motokaa, na wachoraji wengi hivyo vitu hawajawahi kuviona, wamehadithiwa tu, ndo maana kuna treni nyingine mabehewa yamepangana kama nyumba za mtaani. Majumba mengi sasa yamefungwa, wenyewe wako mijini, kuna mlinzi mmoja unampa rupia kidogo anakufungulia.

Sisi tumelala Castle Mandawa, ngome ya Thakur wa hapa, ya katikati ya karne ya 18. Thakur sio mfalme mkubwa, ni bwana wa eneo chini ya raja. Vyumba havifanani hata viwili kwa sababu havikujengwa viwe hoteli, chetu unapanda ngazi, unashuka ngazi, unapita juu ya paa la watu, ndo unafika. Ukuta una unene wa mkono mzima.

Na baridi! Hili mtu asiwadanganye, jangwa la Januari usiku linashuka mpaka nyuzi tano huko, na nyumba hizi zilijengwa kupambana na joto la mwezi wa tano, kwa hiyo ndani kuna baridi kuliko nje. Tulipewa mfuko wa raba wenye maji ya moto wa kuweka miguuni na mablanketi mazito ya pamba wanaita razai. Mjomba kalala na koti na kofia.

6 Januari, Bikaner

Barabara nzuri, kilomita 190 hivi, tumefika mchana.

Bikaner ilianzishwa 1488 na Rao Bika, mtoto wa Rao Jodha aliyejenga Jodhpur, kijana akaondoka kwa baba na watu wake akaja kujitafutia jangwa lake. Tumefikia Laxmi Niwas, ni sehemu ya jumba kubwa la Lallgarh ambalo Maharaja Ganga Singh alilijenga kuanzia 1902, mchoraji ramani alikuwa Mwingereza Samuel Swinton Jacob. Mawe mekundu yote, yamechongwa mpaka unashika kuhakikisha kama sio mbao. Ndani kuna vichwa vya wanyama ukutani, chumba cha biliadi, makochi ya ngozi. Mjomba kakaa kwenye kochi moja wapo kaagiza chai, kaniambia nimpige picha, halafu kaniambia nisiitume kwenye grupu la familia.

Jioni nikamsomea historia ya mwenye nyumba. Ganga Singh alirithi kiti ana miaka sita, 1887. Mwaka 1899 ikaja njaa kubwa, mvua haikunyesha, watu na ng'ombe wakafa kwa wingi, na baadae huyu bwana akahangaika mpaka akaleta maji ya mto Sutlej kwa mfereji, Gang Canal, ulifunguliwa 1927. Mwaka 1919 alikuwa mmoja wa waliosaini mkataba wa Versailles kwa niaba ya India. Na kitu ambacho sikukitegemea, alikuwa na kikosi cha ngamia, Ganga Risala, Waingereza walikipeleka mpaka Somaliland 1903 kupigana na Sayyid Mohammed Abdulle Hassan. Mjomba akaweka kikombe chini. "Ngamia wa huku wamekwenda kuwapiga Wasomali?" Nikamwambia ndo hivo. Akasema basi hata hili kochi lina deni Afrika, akaagiza chai nyingine.

7 Januari, Bikaner bado

Asubuhi ngome ya Junagarh. Imejengwa 1589 mpaka 1594 wakati wa Raja Rai Singh, na tofauti na ngome nyingi za Rajasthan hii iko chini tambarare, sio juu ya mlima, kwa mgongo wa mjomba hiyo ni habari njema. Ndani kuna ndege ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, DH.9, imekaa ukumbini kabisa, watoto wa shule wanaizunguka.

Ila chumba kilichonikamata ni Badal Mahal, jumba la mawingu. Kuta zimepakwa buluu, mawingu yamejikunja, na chini yake michirizi ya mvua na radi. Dereva anasema waliwachorea watoto wa mfalme wajue mvua inafananaje wasije kuogopa siku ikinyesha. Sijui wangapi wameamini hiyo lakini ukikaa mle ndani dakika tano unaelewa kitu kuhusu hawa watu, dhahabu wanayo, almasi wanayo, wangetaka wangechora chochote, wamechora mvua.

Mchana tukaenda Deshnok kilomita 30 hivi, hekalu la Karni Mata, panya ni maelfu, wanaheshimiwa na kunyweshwa maziwa kwenye masinia, unaingia bila viatu. Mjomba kagoma kushuka. Mi nimeingia na soksi mbilimbili, nimetoka, sina la kuongeza.

Bhujia za Bikaner nunueni, zile chengachenga za dengu, ukila hizi za dukani kwenye paketi na za huku ni vitu viwili.

8 Januari, njiani

Zaidi ya kilomita 300 kwenda Jaisalmer. Barabara imenyooka, mapangaboi makubwa ya umeme wa upepo, magari ya jeshi kwa sababu mpaka wa Pakistan uko upande ule, ngamia, mbuzi, kibanda cha chai, ngamia tena. Mara ghafla mfereji mkubwa umejaa maji, Indira Gandhi Canal, pembeni yake kijani mita chache halafu mchanga unaendelea. Mjomba kalala. Jioni ngome ikatokea mbele, ya njano, juu ya kilima, dereva kapunguza mwendo bila kuambiwa.

9 Januari, Jaisalmer

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pamenifikirisha kuliko kote.

Ngome ya Jaisalmer ilianza 1156 na Rawal Jaisal, mawe ya njano, minara ya ukutani 99, na mpaka leo kuna watu maelfu wanaishi ndani, sio makumbusho, kuna duka la chumvi, kuna bibi anaanika pilipili, kuna pikipiki inakupigia honi kwenye uchochoro wa karne ya kumi na mbili. Mahekalu ya Wajaini, watu wa dini ya Jain, yamechongwa mpaka macho yanachoka. Jumba la mfalme liko pale pale uwanjani, unakata tiketi unaingia.

Hoteli na gesti ndani ya ngome zimejaa, na bei sio mbaya, na ukiamka unaona jangwa lote. Lakini sisi hatukulala humo na nitasema kwa nini. Mji huu ulijengwa kwa watu wanaobeba maji kichwani kutoka ziwa la Gadisar, ndoo moja inapikia, inaoshea, ya mwisho inamwagiwa ng'ombe. Mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 200 au pungufu, Dar tunapata zaidi ya 1000. Sasa yakaja mabomba, ikaja bafu ya mgeni anayeoga mara mbili kwa siku, maji machafu yakaanza kuzama ndani ya kilima ambacho sio jiwe gumu, kilima kikaanza kulainika na sehemu za kuta zikaanguka. World Monuments Fund, shirika la kulinda majengo ya kale, ilishaiweka kwenye orodha yake ya majengo yaliyo hatarini. Kwa hiyo watu wengi wanashauri ukija tembea ndani, kula ndani, nunua ndani, lala nje. Mi naona ni ushauri wa haki, ingawa mama mmoja mwenye gesti mle ndani aliniuliza kwa upole tu, wageni wote wakilala nje mimi nikale nini, na sikuwa na jibu.

Sisi tulikuwa Mandir Palace, chini mjini, ndo familia ya mfalme ilipohamia baada ya kutoka ngomeni. Ina mnara wa Badal Vilas umepanda kama tabaka za kilemba, inasemekana ulijengwa na mafundi Waislamu wa hapa wakampa Maharawal, ndo cheo cha mfalme wa hapa, kama zawadi. Mjomba kapenda hiyo, kamuuliza mhudumu mara mbili, "Waislamu? Zawadi?" Maji ya moto asubuhi yamekuja saa tatu, hilo nalo liandikwe.

Jioni Gadisar. Ziwa la kuchimba, la karne ya 14, kuna geti zuri sana pale mlangoni, wanasema lilijengwa na mwanamke mmoja anaitwa Tilon, alikuwa kahaba wa mjini, mfalme akakataa kupita chini ya geti la kahaba, yule mama akaweka sanamu ya Krishna juu yake, basi tena, nani atabomoa. Kwa akili hiyo huyo mama angefaa kuwa wakili.

10 Januari, Sam

Mchanga wenyewe, ule wa kwenye picha, uko Sam kilomita 40 hivi kutoka mjini. Nitasema ukweli, ukienda na picha ya ukimya kichwani utachukia. Kuna magari ya kuruka kwenye matuta, kuna ngamia wa foleni, kuna kambi za mahema moja baada ya nyingine, na usiku kila kambi ina spika zake, yetu walipiga muziki wa disko mpaka saa tano mtu mzima unasikia godoro linatetemeka. Jangwani!

Kilichookoa usiku ni wale wanamuziki waliopiga kabla ya disko. Wanaitwa Manganiyar, ni Waislamu, na kwa vizazi na vizazi kazi yao ni kuwaimbia mabwana wa Kihindu, harusi, msiba, mtoto akizaliwa, wanazijua nasaba za hao mabwana kuliko wenyewe. Mzee alipiga kamaicha, ala ya nyuzi inapigwa kwa upinde, sauti nzito kama mtu anayekoroma kwa utamu, na kijana mwingine ana vipande vya mbao mikononi, khartal, anavigonga kwa kasi huoni vidole. Mjomba ambaye ujana wake alikuwa hakosi klabu ya taarab Malindi akasogeza kiti. Baada ya nyimbo kadhaa akatoa salamu, mzee akaitikia waalaikum salaam kwa mshangao, wakashikana mikono muda mrefu. Wakaanza kuongea. Lugha hawana. Wameongea karibu nusu saa.

Kuhusu wafalme, mzee (kupitia dereva) alisema neno ambalo mjomba kalirudia njia nzima kesho yake: zamani bwana mmoja alikuwa anawalisha mwaka mzima, sasa mabwana ni wengi na kila mmoja analisha usiku mmoja.

11 Januari, kwenda Jodhpur

Kilomita kama 280. Tumepita Pokhran, eneo ambalo India ilijaribia mabomu yake ya nyuklia 1974 na 1998, ukipita huoni chochote, mji tu una ngome na vibanda vya chai.

Chakula cha njiani kilikuwa ker sangri, matunda makavu madogo na maganda ya mti wa khejri, yamekaangwa na pilipili na mtindi, pamoja na mikate ya uwele. Huu mti wa khejri una hadithi inayohusu majumba haya haya na dereva ndo alitusimulia, yeye ni Mbishnoi, dini yao inakataza kukata mti mbichi. Mwaka 1730 Maharaja Abhay Singh wa Jodhpur alikuwa anajenga jumba, akahitaji kuni za kuchomea chokaa, watu wake wakaenda kijiji cha Khejarli. Mwanamke anaitwa Amrita Devi akakumbatia mti, wakamkata na mti wake, wakaja binti zake, wakaja wengine, waliokufa ni watu 363. Mfalme alipopata habari akaomba radhi na kupiga marufuku kukata miti kwenye vijiji vya Wabishnoi.

Garini kukawa kimya. Mjomba akasema, "Tukifika huko Jodhpur msinioneshe kitu mkaniambia kizuri, nioneshe chokaa."

12 Januari, Jodhpur

Leo Mapinduzi. Mjomba kaamka nayo, kapiga simu Unguja, kasikiliza gwaride kwenye simu ya mtu, halafu ndo tukatoka. Na bahati ilivyo tumelala Ajit Bhawan, nyumba ya mdogo wake Maharaja Umaid Singh, vijumba vya mawe kwenye bustani, pazuri sana, kwa hiyo mtoto wa Mapinduzi siku ya Mapinduzi kanywa chai kwa mdogo wa mfalme. Kaniambia hilo nalo nisilitume kwenye grupu.

Mehrangarh kwanza. Hakuna picha inayoitendea haki. Rao Jodha alianza 1459, iko juu ya mwamba kama mita 120 kutoka mjini, ukiwa chini shingo inauma, ukiwa juu nyumba za buluu zimemwagika mpaka mbali na sauti za mtaani zinapanda zote, mtoto analia, muuza mboga anaita, adhana. Kuna lifti, mjomba kapanda. Kwenye geti la Loha Pol kuna alama za viganja vya wanawake ukutani, wake wa Maharaja Man Singh waliochomwa na maiti ya mume wao 1843. Vimepakwa rangi nyekundu, kuna maua. Vingine ni vidogo sana. Nilikaa pale nikaona jinsi watu wanapita wakipiga selfi, na mi mwenyewe simu ilikuwa mkononi.

Mchana Umaid Bhawan. Huko kulala hatukulala, bei ya usiku mmoja ni kodi ya chumba Mbagala miezi kibao, lakini kuna upande wa makumbusho tiketi yake ni hela ya soda mbili tatu. Hili ni jumba la mwisho mwisho kabisa, limeanza 1929 limeisha 1943, miaka minne tu kabla ya uhuru, vyumba 347, mchoraji ramani Henry Vaughan Lanchester, picha za ndani kachora Mpolandi Stefan Norblin aliyekuwa amekimbia vita. Mawe ya mchanga ya Chittar yamepachikana bila saruji wala udongo. Na sababu wanayoitaja ni njaa: ukame ulikuwa mkali, Maharaja Umaid Singh akaamua kuwapa watu kazi badala ya sadaka, maelfu wakajenga kwa miaka mingi.

Hapo mjomba akalipuka. "Watu wana njaa, unawapa kazi ya kujenga nyumba yako?" Nikamwambia mjomba wamekula lakini. Akasema wangejenga mifereji wangekula na wajukuu wao wangekula, yule wa Bikaner alileta maji. Pointi ameshinda, sikubisha.

Lakini mi nilikuwa na langu toka Mandawa nikalitoa pale pale kwenye ngazi. Hawa maharaja walikubali kuingia kwenye India 1947 na 1949, wakaahidiwa posho ya kila mwaka kutoka serikalini, wa Jaipur alikuwa anapewa rupia milioni 1.8, na kila mmoja akaorodhesha zipi mali zake binafsi zipi za serikali. Mwaka 1971 Indira Gandhi akabadilisha katiba akafuta posho na vyeo vyote. Kwa kalamu tu, hakuna risasi. Mtu kabaki na jumba la vyumba mia tatu, paa linavuja, watumishi wanadai, hana mshahara. Ndo wakaanza kukodisha vyumba. Wa Jodhpur, Gaj Singh, aliyerithi ana miaka minne baba yake alipokufa kwa ajali ya ndege 1952, yeye kagawa nyumba vipande vitatu, hoteli, makumbusho, na sehemu anayoishi mwenyewe mpaka leo. Na Mehrangarh kaiweka chini ya mfuko wa udhamini. Vyote vimesimama. Sisi je? Sultan Jamshid kaondoka na meli Januari 1964, kaishi Uingereza miaka zaidi ya hamsini, kafia Oman Desemba 2024, na jumba likawa la umma. Nikamwambia mjomba, Beit al-Ajaib la Sultan Barghash, la 1883, limeanguka upande Desemba 2020 na watu wawili wamekufa.  La umma maana yake nini kama umma hauna hela ya kupaka chokaa?

Mjomba hakunijibu haraka. Tulitembea mpaka kwenye lile banda la magari ya zamani ya mfalme, kasoma kila kibao. Halafu akasema yeye Beit al-Ajaib ameingia mara ya kwanza na shule, baada ya Mapinduzi, na bibi yake aliyekuwa anafua nguo za wakubwa pale karibu maisha yake yote hakuwahi kuvuka ule mlango. "Limeanguka, nalia kweli, nililia. Lakini niliingia bure, mwanangu. Hapa yule anayechota maji kisimani ataingia lini?" Nikasema tiketi ni rahisi. Akasema tiketi ya kuona. Yule mlinzi wa makumbusho mwenye masharubu alikuwa anatusikiliza tunavyopaza sauti bila kuelewa neno, akaja kutuuliza kama tuna shida na huduma.

Usiku laal maas, nyama ya mbuzi kwenye pilipili nyekundu tupu. Tumekula kimya, sio kwa ugomvi, midomo ilikuwa inawaka.

13 Januari, Jaipur

Kilomita 330 hivi, malori mengi, sio njia ya kuisimulia.

Tumefikia Narain Niwas, nyumba ya bustani iliyojengwa 1928 na Jenerali Amar Singh wa Kanota. Huyu bwana hakuwa mfalme, alikuwa askari wa cheo, kapigana China, kaenda Ufaransa vita ya kwanza, na kila siku aliandika shajara, kuanzia 1898 mpaka anakufa 1942, majuzuu 89! Nimekaa kwenye baraza lake usiku na simu yangu naandika haya mnayosoma nikiona aibu kidogo. Tausi wanapita kwenye majani. Kati ya sehemu zote tulizolala hapa ndo mjomba kasema angekaa hata wiki, sababu ni nyumba ya mtu, sio ya kumtisha mtu.

14 Januari, Jaipur na tiara

Hatukujua kama leo ni Makar Sankranti mpaka tulipoamshwa na kelele za juu ya mapaa. Mji mzima unarusha tiara. Sio watoto, ni wazee, mama wa nyumbani, polisi, kila paa lina spika na sinia la ufuta na sukari guru, na kazi ni kukata uzi wa mwenzako, ukikata unapiga ukelele "wo kata!" na paa lote linaruka. Uzi una ungaunga wa vioo, unakata vidole, na ndege wengi wanaumia, kuna vijana wanazunguka na maboksi kuokota njiwa.

Katikati ya vurugu hiyo tumezunguka mji wa Sawai Jai Singh II, aliouanzisha 1727 kwa mistari iliyonyooka kama karatasi ya hesabu, mitaa mipana, rangi ya waridi ilipakwa 1876 kumpokea mtoto wa malkia wa Uingereza. Jantar Mantar, uwanja wa vyombo vya kupimia jua na nyota, saa ya jua ina urefu wa mita 27, kivuli unakiona kinatembea kwa macho yako. City Palace kuna mitungi miwili ya fedha mikubwa kuliko mjomba, Maharaja Madho Singh II aliisafirisha mpaka London 1902 imejaa maji ya Ganges, alikuwa anaenda kwenye sherehe ya kutawazwa mfalme Edward VII na hakutaka kunywa maji ya Waingereza. Mjomba kacheka mpaka kakaa chini. Mfalme wa kwanza aliyempenda toka tumeanza.

Mchana kijana mmoja wa duka la shuka akatuita juu kwenye paa lao, akampa mjomba uzi. Mtu wa miaka sitini na kitu, mgongo mbovu, akasema sisi Ng'ambo tulikuwa tunapaka gundi na chupa iliyosagwa, hawa wananiambia nini mimi. Akakata tiara tatu mfululizo. Ya nne ikakatwa yake na mtoto wa kike wa paa la jirani, miaka tisa hivi, ambaye alimpungia mkono kwa dharau ya wazi kabisa.

Rambagh, jumba la kwanza kubwa kugeuzwa hoteli, 1957, tulipanga kupita hata kwa chai tu, tukaangalia bei ya chai kwenye simu, tukarudi paani. Kwa wanaouliza: njooni Novemba mpaka Februari, mbebe sweta, na tafuteni nyumba za mathakur na majenerali kabla ya za maharaja, serikali ya India haitoi cheo cha hoteli ya urithi kwa jengo la baada ya 1950 kwa hiyo hata ile ndogo ni ya zamani kweli, na chumba bora ombeni kubadilishiwa mkifika maana havifanani.

Dereva anataka tutoke saa kumi na mbili alfajiri tuwahi kabla foleni ya Delhi haijakaza. Mjomba kasema saa mbili, baada ya chai, na kama mtoto wa paa la jirani yupo ana deni naye.